Gita la Pili

9 Februari

Mama yangu,

Nakuita mama kwa kuwa ulirithi jina la mama yetu, ingawa yeye hakuwahi kunitumia mzigo uliojaa nyaya. Hatujambo, kwa kiasi chake. Mama yako mdogo amerudi kwenye cherehani. Anashona sare za shule, mgongo unamuuma, na hataki kuambiwa. Bati la jikoni linavuja palepale lilipokuwa likivuja ulipokuwa mdogo. Baba yako yupo. Anaamka, anakula, anakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Tangu kiharusi kile upande wa kulia haujarudi, na maneno hayajarudi. Simu naomba tuiache kwanza. Siku ile aliposikia sauti yako akafungua mdomo na kisitoke kitu, alilia mpaka shati likaloa. Barua namsomea, na barua haimdai ajibu papo hapo.

Sasa jambo lenyewe. Kisanduku cha sauti kimefika salama, na hedifoni zote mbili. Nimechomeka gita kwenye kisanduku, kisanduku kwenye kompyuta, nimefungua programu kama ulivyoelekeza. Nikapiga. Nikasikia gita langu, halafu nikasikia tena gita langu. Kila nikigusa uzi unalia, kisha unalia mara ya pili, nyuma kidogo, na kwa sauti nyembamba zaidi. Nimepiga muziki tangu sijaota ndevu na sijawahi kuigizwa na gita langu mwenyewe. Nikijaribu kulisubiri lile la nyuma, nalo linanisubiri. Hatufiki popote.

Nisaidie haraka. Unajua nyimbo zetu hazikurekodiwa hata moja. Ziko kwenye vichwa viwili, changu na cha baba yako, na kimoja kimeshafungwa mlango. Vidole vyangu navyo vimeanza kuvimba kwenye maungio. Nisipomaliza mwaka huu, basi tena.

Na unakuja lini? Barua yako ilikuwa na kurasa mbili na hukuligusa hilo.

Baba yako mdogo


2 Machi

Shikamoo Baba Mdogo. Shikamoo zangu kwa Baba na kwa Mama Mdogo, na mgongo wake mwambie namuombea, maana nikimwambia apumzike atanijibu mimi vibaya badala yako.

Mimi ni mzima. Bado niko kwenye chumba kile kisicho na dirisha, nasafisha sauti ya mama mmoja anayesoma matangazo ya lifti. “Milango inafungwa.” Kabla ya kila tangazo anavuta pumzi, nami kazi yangu ni kuifuta. Nikimaliza, hakuna atakayejua kwamba aliwahi kupumua.

Tatizo lako nalifahamu. Unajisikia mara mbili. Mbele ya kisanduku kuna kitufe cha kuzungusha. Kikiwa kushoto kabisa, unasikia gita lako moja kwa moja kabla halijaingia kwenye kompyuta. Kikiwa kulia, unasikia lililokwenda kwenye kompyuta na kurudi. Wewe umekiacha katikati, kwa hiyo unasikia yote mawili. Safari ya kwenda na kurudi ina muda wake. Kompyuta haibebi sauti tone kwa tone, hujaza ndoo kwanza ndipo ibebe. Ndoo ikiwa kubwa, inakawia. Ukiweka ndoo ndogo itawahi, lakini hiyo kompyuta yenu ni mzee mwenzako, itahema na sauti itakwaruza. Ule wembamba nao ni pambo linalotiwa na programu.

Kwa hiyo zungusha kitufe kushoto. Halafu, kwenye mstari wa gita lako ndani ya programu, kuna alama ndogo ya spika. Ibonyeze izime. Inazima kule kusikia tu, kurekodi kunaendelea kama kawaida. Usiogope kupoteza kitu, maana lile gita la nyuma halirekodiwi kamwe. Kompyuta inashika moja tu, la kwako.

Nieleze habari za Baba kwa urefu. Kila barua unaniambia anakula. Hata kuku anakula.

Mwanao


28 Machi

Mama yangu,

Marahaba, zimefika zote. Bati limezibwa, sasa linavuja upande wa pili. Mama yako mdogo amepata kazi ya sare za shule nyingine, kwa hiyo mgongo utauma mpaka Juni.

Maelekezo yako nimeyasoma na nimeyaelewa vizuri sana. Sasa mambo ni shwari. Kwenye bahasha nimetia flashi yenye nyimbo tatu. Sikiliza, uniambie kama vidole bado vina adabu.

Baba yako hajambo sana. Anacheka siku hizi. Ukiniuliza anacheka nini, nitakwambia ni mambo ya wazee.

Ulisema kuku. Ukija utamwambia mwenyewe.

Baba yako mdogo


20 Aprili

Shikamoo Baba Mdogo,

Nimefurahi kusikia Baba anacheka, nikalia kidogo pia, basi nikaosha uso nikasikiliza nyimbo. Vidole vina adabu. Wimbo wa pili nilikuwa nimeusahau, ule mliokuwa mkiufungia dansi watu wakiwa wameshabeba viatu mkononi. Niliposikia gita lako peke yake nilingojea la Baba liingie nyuma yako kama zamani. Ndiyo maana bendi nzima ilimwita Nakuja.

Lakini kuna kitu. Kila mwisho wa mstari unasimama. Si kupumzika, unasubiri, halafu ndipo unaanza tena. Nimepima katika nyimbo zote tatu na kusubiri kwenyewe ni kulekule. Mtu anayejisikia moja kwa moja hapigi hivyo. Baba Mdogo, ile alama ya spika uliizima kweli? Au umenijibu ili nisikusumbue? Ukiendelea hivi utarekodi nyimbo zote na zote zitakuwa na kigugumizi, na nguvu ya kurudia hutakuwa nayo. Nijibu kwa kweli.

Mwanao


17 Mei

Mama yangu,

Umenibana, na umri wangu si wa kukimbia. Sikuizima.

Nilikuwa nimekaa na barua yako ya Machi gotini, kidole kiko tayari. Kisanduku kina matundu mawili ya hedifoni, na nilikuwa nimemvalisha baba yako hedifoni ya pili, maana kumwacha anitazame nikipiga gita lisilosikika ni sawa na kula mbele ya mwenye njaa. Nikasema nipige mara moja ya mwisho kabla sijazima. Nikapiga ule wimbo wa viatu mkononi. Lile gita la nyuma likaja, jembamba, limechelewa. Nikasikia kiti kinalia. Nikageuka, nikamkuta kaka yangu ameinua mkono wa kushoto na vidole vinabana hewa. Vinabana sauti zilezile za wimbo, moja baada ya nyingine, bila kukosea.

Unanielewa? Mkono wa kushoto ndio wa kubana nyuzi. Huo Mungu alimwachia. Uliokufa ni wa kulia, wa kupiga. Na katika nyimbo zetu yeye alikuwa akinifuata sauti kwa sauti, nyuma yangu, kama mtu anayefunga mlango baada ya wenzake kutoka. Ndicho hasa kompyuta inachofanya ikikawia. Nilishusha gita lake ukutani nikamwekea mapajani. Likalala pale bila waya. Nikapiga, akabana, na masikioni mwake nyuzi zikalia. Akanitazama, akacheka kwa upande mmoja wa uso. Tangu siku hiyo, tukimaliza kunywa chai anaonyesha gita kwa kidevu.

Kwa hiyo nasubiri mwisho wa mstari ili amalize sehemu yake. Ningemkatiza vipi?

Najua halirekodiwi. Najua ninamdanganya ndugu yangu mkubwa kila siku ya Mungu, barua zako siku hizi namsomea salamu tu, na ndiyo sababu sikukuandikia. Lakini wewe hukuuona uso wake mwaka mzima uliopita. Mimi nilikuwa nikiuona kila asubuhi. Nyimbo zikiwa na kigugumizi, na ziwe nacho. Tafadhali, mama, usiguse kitu na usimwambie mtu aguse. Tuachie ubovu wetu.

Baba yako mdogo


21 Mei

Shikamoo Baba Mdogo,

Mwezi umepita hujanijibu, nami nakujua, ukinyamaza una lako jambo. Usinikasirikie. Nimempata mtu niliyesoma naye, sasa ni fundi wa sauti na anakaa upande huo wenu. Ni mpole na ana mikono safi. Nimemwomba apite kwenu Jumamosi hii, aizime ile alama, aweke kitufe mahali pake, halafu akifunge kwa utepe ili kisisogee tena. Ni kazi ya kunywa maji glasi moja.

Nimeona nifanye hivi kwa sababu kuja siwezi kwa sasa. Hili angalau naweza. Nataka nyimbo zenu zikae sawa, Baba azisikie zikiwa zimenyooka.

Mwanao


14 Juni

Mama yangu,

Barua yako imefika. Fundi wako alishaitangulia.

Alibisha hodi tukiwa tunapiga. Mama yako mdogo akamfungulia, fundi akasema ametumwa na wewe, akapokewa kama mtoto wa nyumbani. Kijana ana heshima, alivua viatu. Akaniambia, “Mzee, endelea kukaa hapohapo, nitarekebisha dakika hii hii.” Ningemkataliaje? Ningesema usiguse, angeuliza kwa nini, na baba yako yuko hapo kando yangu na gita mapajani. Neno lolote ambalo ningelisema lingekuwa lile nililokuwa nikimficha. Akabonyeza. Akazungusha kitufe, akabandika utepe. Akasema, “Piga sasa, mzee, tusikie.”

Nikapiga. Baba yako akabana.

Hakuna kilicholia upande wake. Akabana tena, kwa nguvu. Akautazama mkono wake, kisha gita. Halafu nikamwona anafuata waya kwa macho, kutoka kwenye kisanduku mpaka kwenye gita langu. Macho yakarudi kwenye kisanduku kutafuta waya wa kwake. Hakuutafuta kwa muda mrefu. Alivua hedifoni kwa mkono wa kushoto, akaziweka mezani taratibu kama vitu vya watu. Fundi akauliza kama mzee amechoka. Nikasema ndiyo, amechoka.

Alipoondoka nilibandua utepe, nikawasha alama, nikarudisha kitufe katikati. Nikamvalisha hedifoni, nikapiga. Alinisikiliza kidogo. Akatabasamu, lile tabasamu la kumpa mtoto aliyekuletea maua ya plastiki, akazivua.

Sikulaumu. Ninajaribu kutokulaumu. Ulisema kazi ya glasi moja ya maji, na kweli hakumaliza hata glasi. Gita limerudi ukutani. Sipigi tena, la kuvunda halina ubani.

Baba yako mdogo


10 Julai

Baba Mdogo, shikamoo.

Barua yako ya Mei ilinifikia fundi akiwa ameshavaa viatu na kwenda zake. Niliisoma nimesimama, halafu nikakaa chini sakafuni kazini. Nimeharibu. Hakuna namna nyingine ya kuliandika. Nilisikia kusubiri kwako nikadhani ni kosa, kwa sababu kazi yangu ni kusikia makosa.

Kila barua unaniuliza ninakuja lini na kila barua nimekuwa nikikupiga chenga. Nakujibu leo. Karatasi zangu za kukaa huku zilishapitwa na muda. Nikitoka sirudi, na dawa za Baba zinatoka kwenye hiki chumba kisicho na dirisha. Siji. Usiniulize tena, tafadhali, kila mara ninapolisoma swali hilo siku nzima inaharibika.

Kuna kitu nimejaribu. Nimeazima gita. Sehemu ya Baba naijua yote, alinifundisha yeye mwenyewe. Nimeipiga juu ya wimbo wako wa viatu mkononi, na kila sauti iko mahali pake, na hapo ndipo ubovu ulipo. Miaka yote hii nimefanya kazi na mdundo wa mashine sikioni, sasa mikono yangu inaingia kwa saa. Nikaikamata sauti kwa kipanya nikaisukuma nyuma. Ikachelewa sawasawa mwanzo hadi mwisho, kama saa ya ukutani isiyorekebishwa. Baba hakuwa akichelewa hivyo. Kwenye mistari ya furaha alikuwa karibu nawe, kwenye ya huzuni alibaki mbali.

Nimeitia kwenye flashi hivyohivyo. Mpe kama utaona inafaa. Mwambie ni mimi, usimfiche.

Mwanao


12 Agosti

Mama yangu,

Sitakuuliza tena.

Nilimwambia ni wewe. Nilimwambia wazi, hili ni gita la mwanao na lile ni langu, wewe hapa hupigi, unasikiliza. Akakubali hedifoni. Akausikiliza wote, akatikisa kichwa. Ana haki. Tunaingia mlangoni pamoja, wewe na mimi, mabega yanagongana.

Lakini hakuzivua. Alinionyesha kwa kidevu nirudie. Nikarudia, na safari hii akanyoosha kidole cha kushoto, akawa anagonga mkono wa kiti, mahali hasa ambapo ulipaswa kuingia. Wimbo mzima. Mstari wa tatu anataka uchelewe zaidi, aligonga huku amekunja uso, kama enzi zile akikufundisha nawe ukikimbiza mdundo. Nimemwita mama yako mdogo aache cherehani aje aone. Naye alisema, “Anamfundisha mtoto.”

Gita hajaligusa. Ila jana asubuhi alilitazama pale ukutani, akanitazama mimi. Nimelishusha, nimelifuta vumbi, nimelisimamisha karibu na kiti chake. Jaribu tena. Kama kuna namna ya mtu kujifunza kuchelewa, jifunze.

Baba yako mdogo


30 Agosti

Mama yangu,

Nilishika simu nikairudisha mezani. Najua huwezi kuja, na sikutaka upigwe na habari hii ukiwa kazini peke yako. Acha ije kwa mwendo wa barua.

Kiharusi kimerudi, juzi, wakati wa kumwogesha. Mara hii kimechukua upande wa kushoto. Mkono umelala. Nimeukanda kwa maji ya moto, nimeuvuta kidole kimoja kimoja, nimemwekea shingo ya gita kiganjani nikamfunga vidole. Vinafunguka vyenyewe. Macho yanafunguka mara mojamoja, lakini hayaniulizi kitu. Nilimvalisha hedifoni nikamwekea gita lako, lile la kwanza. Sijui kama alisikia. Daktari amesema tumweke vizuri tu, tusitegemee.

Ulizoea kuniambia sisemi habari zake kwa urefu. Huu ndio urefu wenyewe. Mimi sina la kuongeza, na vidole vyangu leo havishiki hata kalamu vizuri.

Baba yako mdogo


4 Septemba

Shikamoo Baba Mdogo, shikamoo Mama Mdogo, na Baba shikamoo mara mbili.

Barua yako ya tarehe kumi na mbili Agosti ninayo hapa, nimeishika mpaka imelegea. Aligonga wimbo mzima? Nimewasimulia mpaka watu wa lifti.

Sikiliza nilichofanya. Nilihangaika wiki nzima bila mafanikio, kisha nikaukumbuka ubovu wenu. Nikaichukua kompyuta kuukuu, nikaipa ndoo kubwa kuliko zote, nikawasha ile alama ya spika, nikazungusha kitufe kulia kabisa. Yaani nikawa najisikia kupitia kompyuta tu, nimechelewa. Kila kitu nilichomtuma fundi aje akizime kwenu nimekiwasha kwangu. Mwanzoni ni kama kutembea ndani ya maji. Mkono unapiga, sikio linakataa, mkono unajivuta kulingoja sikio. Lakini baada ya muda mkono ukarudi nyuma wenyewe, na si sawasawa kila mahali. Kwenye mstari wa tatu ulibaki nyuma sana. Nilipousikiliza nilivua hedifoni nikatazama mlangoni, kama mjinga, kuona nani ameingia.

Ni yeye, Baba Mdogo. Nimempata.

Sasa nakuomba jambo moja. Usimwekee asikilize tu. Mpe gita lake mapajani kwanza, mwambie ukweli wote, kwamba mkono wa kulia safari hii ni wangu na wa kushoto ni wake. Sehemu yangu nimeipiga mara sita, moja baada ya nyingine, ili asipowahi ya kwanza ashike ya pili, na vidole vikichoka apumzike aanze upya. Asiwe na haraka. Usiniandikie kama amecheka au amelia. Niandikie vidole vyake vimebana wapi na wapi, sauti kwa sauti, nami nitajua alichosema.

Flashi iko humu kwenye bahasha, nimeizungushia karatasi isivunjike. Nasubiri jibu lenu.

Mwanao